Mlango Ulio Kabla ya Sanduku la Kura

(Maandishi ya hotuba kuhusu kuchunguza ushiriki wa wanawake katika uchaguzi na siasa za Kenya)



Nimeombwa niseme juu ya kuchunguza ushiriki wa wanawake katika uchaguzi na siasa za nchi yetu. Huenda neno hilo "kuchunguza" likawachosha baadhi yenu, kwa kuwa mmezoea kuliona likiandamana na makaratasi ya chuo kikuu ambayo hayarudi kijijini yalikotoka. Lakini wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Ikiwa hatujui ni mahali gani hasa haki ya mwanamke inapotelea, hatutajua mahali pa kusimama ili tuidai.

Ninalotaka kulionyesha ni jambo moja. Mara nyingi mwanamke wa Kenya anayetaka uongozi huwa amekwisha kuangushwa kabla mpigakura hajashika karatasi. Huangushwa kwenye milango isiyo na mwangalizi wala karani wa kuandika kilichotendeka. Tukiendelea kuhesabu washindi tu baada ya masanduku kufunguliwa, tutakuwa tunahesabu mavuno bila kujua nani aliiharibu mbegu.

Hesabu tulizo nazo

Tuanze na hesabu zilizo wazi. Tulipopata uhuru mwaka 1963, hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuingia Bunge. Ilitubidi tungoje hadi mwaka 1969, Bi. Grace Onyango, aliyekuwa amekwisha kuwa meya wa Kisumu, alipochaguliwa kuwa mbunge wa mji huo. Alikuwa peke yake miongoni mwa waliochaguliwa. Mwaka 1974 wakaingia wengine, wakiwamo Bi. Julia Ojiambo wa Busia, Bi. Nyiva Mwendwa wa Kitui na Bi. Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini. Huyu wa mwisho alikuwa kijana asiyeogopa kusema, na mwaka 1976 akatiwa gerezani.

Mwishoni mwa 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na vyama vingi vikarudi. Uchaguzi wa Desemba 1992 ulikuwa wa viti 188. Wanawake waliochaguliwa walikuwa sita: Phoebe Asiyo, Nyiva Mwendwa, Agnes Ndetei, Charity Ngilu, Martha Karua na Mary Wanjiru. Mwaka 2002, katika viti 210, walikuwa tisa. Mwaka 2007 walikuwa 15. Baada ya Katiba ya 2010 maeneo ya uwakilishi bungeni yakawa 290: wanawake 16 wakachaguliwa mwaka 2013, 23 mwaka 2017, na 29 mwaka 2022.

Yuko atakayesema, "Si mnaona mnapanda?" Na tupige hesabu pamoja naye. Kutoka 2017 hadi 2022 tuliongeza viti sita vya maeneo. Theluthi ya viti 290 ni 97. Tukiendelea kwa mwendo huo wa viti sita kila uchaguzi, tutafika theluthi baada ya chaguzi 12, yaani mwaka 2082. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka wa uchaguzi wa 2022 atakuwa nyanya wa miaka 60. Kisha kumbukeni kwamba theluthi si nusu.

Hatukukosekana katika mapambano

Kabla sijaeleza sababu, niondoe uongo mmoja: kwamba wanawake ni wachache katika vyeo kwa kuwa hawakujishughulisha na siasa. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya juzi, tena historia ambayo kanisa lenyewe lilikuwa shahidi wake.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai, walianza kufunga chakula katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi wakitaka wana wao wafunguliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa marungu na gesi ya kutoza machozi. Profesa Maathai alipigwa hata akapoteza fahamu. Baadhi ya wale mama, wenye umri wa kuitwa nyanya, walivua nguo mbele ya vijana wenye silaha, na katika mila zetu kila mtu ajua uzito wa jambo hilo. Walipofukuzwa bustanini, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata wengi wa wafungwa wale walipoachiliwa mapema mwaka 1993.

Mwezi huohuo wa Februari 1992, wanawake kutoka pande mbalimbali za nchi walikutana Nairobi kujadili nafasi yao katika siasa mpya ya vyama vingi. Kwa hiyo katika mwaka huo mmoja wanawake walifunga, walipigwa, walikutana, walijadiliana. Mwaka ulipokwisha, walipewa viti sita kati ya 188. Walikuwako barabarani wakati wa kupigwa, lakini hawakuwako mezani wakati wa kugawa.

Mfano wa mtu mmoja na milango mitatu

Ili tuone vizuri ni wapi haki inapopotelea, tumfuate mtu mmoja mnayemjua nyote, huyohuyo Profesa Maathai.

Mwaka 1982 alitaka kugombea kiti cha ubunge nyumbani kwao Nyeri katika uchaguzi mdogo. Sheria ilimtaka aache kwanza kazi yake ya chuo kikuu, akaiacha. Kisha akaambiwa hastahili kugombea kwa sababu ya hitilafu katika kuandikishwa kwake kuwa mpigakura. Jambo likafika mahakamani, akashindwa. Alipotaka kurudi kazini, akakuta nafasi yake imekwisha kujazwa. Katika mkasa huo wote mpigakura wa Nyeri hakuulizwa neno. Mlango ulikuwa ni daftari la wapigakura.

Mwaka 1997 aligombea urais kwa chama kidogo. Siku chache kabla ya kura zikaenea habari kwamba amejiondoa. Akapata kura chache mno. Mlango wa pili ulikuwa ni chama kisicho na nguvu, na habari ambayo hakuwa na njia ya kuikanusha kwa wakati.

Mwaka 2002 akagombea ubunge wa Tetu, kulekule Nyeri, safari hii akiwa na tiketi ya muungano wa NARC ambao wananchi walikuwa wameukubali. Akachaguliwa kwa takriban asilimia 98 ya kura.

Jiulizeni, ndugu zangu: kati ya 1982 na 2002 ni nini kilichobadilika? Elimu yake ilikuwa ileile, ujasiri wake uleule, na watu wa Nyeri walewale. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2002 alifika mbele ya mpigakura akiwa na karatasi zote mkononi. Mpigakura alipoulizwa, akajibu.

Mpigakura asisingiziwe

Mara nyingi twasikia kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke, na kwamba akina mama hawapigi kura kwa mwenzao. Sisemi kwamba chuki na desturi kongwe hazipo. Lakini tusiseme mambo kwa mazoea. Tuseme kwa hesabu.

Katika uchaguzi wa 2002 wagombea ubunge walikuwa zaidi ya 1,000, na kati yao wanawake walikuwa 44. Yaani katika kila wagombea 100, wanawake walikuwa kama wanne. Waliochaguliwa walikuwa tisa katika viti 210, yaani katika kila wabunge 100, wanawake wanne. Mpigakura alitoa kama alivyoletewa. Aliletewa wanawake wanne katika 100, akarudisha wanne katika 100.

Mwaka 2007 wanawake 269 walifika kwenye karatasi ya kura, katika wagombea zaidi ya 2,500. Hilo lilikuwa ongezeko kubwa sana. Lakini waliochaguliwa walikuwa 15. Je, wapigakura waligeuka ghafla kuwachukia? Tazameni bendera walizozibeba. Wengi wao waligombea kwa vyama vidogo, na miongoni mwao walikuwamo waliotupwa nje katika mchujo wa vyama vikubwa. Katika nchi ambayo eneo zima hufuata chama kimoja, mwenye tiketi ya chama kidogo huwa kama mtu aliyeruhusiwa kushiriki mbio baada ya wenzake kumaliza.

Milango mitano

Sasa niitaje milango hiyo mmojammoja, kwa kuwa hapo ndipo uchunguzi wetu unapopaswa kupiga kambi.

Mlango wa kwanza ni daftari. Sensa ya 2019 ilihesabu wanawake 24,014,716 na wanaume 23,548,056. Lakini daftari la wapigakura la 2022 lilikuwa na wanawake 10,865,569 na wanaume 11,254,889. Tulio wengi nchini tulikuwa wachache daftarini, kwa pengo la karibu watu 390,000. Asiye na kitambulisho hawezi kuandikishwa. Na kitambulisho hutaka safari, nauli, stakabadhi, na siku nzima ya kumwacha mtoto na jirani. Wakoloni waliwavisha wanaume kipande shingoni. Walipowaruhusu Waafrika kupiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1957, haki hiyo ilipimwa kwa elimu, mali, mshahara na utumishi, vitu ambavyo mwanamke alikuwa amenyimwa. Pengo la leo lina mizizi mirefu.

Mlango wa pili ni mchujo wa chama. Wazee wetu mnakumbuka mlolongo wa 1988, watu walipopangwa mistari nyuma ya picha za wagombea wa KANU. Makanisa yalisimama kidete yakaupinga. Fikirini mlolongo ule ulimaanisha nini kwa mwanamke: kusimama hadharani nyuma ya mtu, huku mume, mwajiri na chifu wakitazama. Mlolongo umekwisha, na siri ya kura imerudi katika uchaguzi mkuu. Lakini katika vyama, mara ngapi tumeona daftari la wanachama lisilojulikana liko kwa nani, kituo kikihamishwa usiku, na cheti kikiandikwa hotelini? Mwaka 1991 tulipouvunja ukuta wa chama kimoja tulidhani mlinzi wa mlango amekwenda zake. Kumbe kila chama kipya kiliajiri mlinzi wake. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 imeruhusu wagombea huru. Lakini anayetaka njia hiyo lazima awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo anayedhulumiwa mwishoni huenda asiwe na pa kukimbilia.

Mlango wa tatu ni fedha. Kanuni za uchaguzi za 2012 ziliweka ada ya Tume kuwa shilingi 20,000 kwa mgombea ubunge, na nusu yake, shilingi 10,000, kwa mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu. Hilo ni jema. Lakini ada ya Tume ni tone la maji. Kuna ada ya chama, magari, mafuta, mawakala, mabango, na ule ugonjwa wetu wa kumdai mgombea kitu kidogo kila anaposalimia watu. Ardhi iliyo rehani benki kwa kawaida huwa na jina la mwanamume. Mwanamke huenda kwenye vita hivyo kwa akiba ya chama cha kuweka na kukopa.

Mlango wa nne ni hofu. Septemba 2007 Bi. Flora Terah, aliyekuwa akitafuta kiti cha ubunge Imenti ya Kati, alivamiwa na genge akateswa vibaya hata akalazwa hospitalini. Kisa chake kilijulikana kwa sababu alikataa kunyamaza. Vingapi havikujulikana? Na si vipigo tu. Mwanamume hutukanwa kwa sera zake, mwanamke hutukanwa kwa mwili wake, ndoa yake au kutokuwa na ndoa. Akiolewa mbali huambiwa arudi akagombee kwa wazazi wake. Akirudi kwa wazazi huambiwa aende kwa mumewe. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza vitisho na hongo. Lakini sheria haiamki yenyewe asubuhi ikaenda kituoni kutoa ripoti.

Mlango wa tano ni mpya, na umepambwa maua. Katiba ya 2010 iliweka viti 47 vya Mwakilishi wa Wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Viti hivyo vimewafaa wengi: Bi. Gladys Wanga wa Homa Bay na Bi. Kawira Mwangaza wa Meru walivikalia kabla ya kuchaguliwa kuwa magavana mwaka 2022. Lakini kiti hichohicho kimegeuzwa kuwa ukuta pale mzee wa chama anapomwambia anayetaka ubunge au ugavana, "Mama, ninyi mna kiti chenu." Ngazi ikigeuzwa kuwa ua, hiyo si ngazi tena.

Sheria ipo, utekelezaji umekawia

Baadhi yenu mtauliza: je, Katiba haikumaliza jambo hili? Ibara ya 27 na ibara ya 81 zinasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili. Katika mabunge ya kaunti njia imeonyeshwa: kura zikikosa kutimiza idadi, vyama hujaza pengo kwa viti vya nyongeza. Na pengo ni kubwa, kwa sababu katika wadi 1,450 wanawake waliochaguliwa mwaka 2013 walikuwa 82, na mwaka 2017 walikuwa 96. Lakini kwa Bunge la Taifa na Seneti, Katiba iliwaachia wabunge watunge sheria.

Wabunge wakangoja. Desemba 2012 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilishauri kwamba kanuni hiyo itimizwe hatua kwa hatua, na sheria iwe tayari kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Yeye aliona haki hiyo haikupaswa kucheleweshwa. Tarehe ikapita. Februari 2019 mswada ulipoletwa Bunge la Taifa, kura 233 zilihitajika, nao waliokuwamo ukumbini walikuwa 174. Hawakusimama kuupinga kwa hoja, walikataa kuja. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kukosa kutimiza wajibu huo. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri ule, na Bunge lile likamaliza muda wake mwaka 2022 bila sheria.

Tazameni matokeo. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila Spika; kwa hiyo wanawake hawapaswi kupungua 117. Mwaka 2022 walichaguliwa 29 katika maeneo na 47 katika kaunti, jumla 76. Hata kama viti vyote 12 vya uteuzi vingalipewa wanawake, wangalikuwa 88. Majirani zetu wa Rwanda waliandika katika Katiba yao ya 2003 si kiwango tu bali pia njia ya kukifikia, na katika uchaguzi wa 2008 wanawake wakawa zaidi ya nusu ya wabunge wa baraza la chini. Sisi tuliandika kiwango tukaacha njia mikononi mwa wale ambao njia hiyo ingewapunguzia viti. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kazi ya mikono yetu

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 26, watu wanahesabiwa ili wagawiwe nchi: wanaume wa umri wa miaka ishirini na zaidi wanaoweza kwenda vitani. Sura inayofuata, mabinti watano wa Selofehadi wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakiuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume. Hawakuuliza nyuma ya hema. Walisimama mlangoni, mahali ambapo mambo yanaamuliwa, wakiwa na hoja na kumbukumbu. Na sheria ikabadilishwa.

Kwa hiyo napendekeza kila parokia, kila mtaa wa kanisa na kila kikundi cha mageuzi kiwe na Daftari la Wadi. Katiba imeweka uchaguzi unaofuata ule wa 2022 kuwa Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Lakini daftari hilo halifunguliwi siku ya kura. Hufunguliwa miezi mingi kabla, nalo huandikwa mambo haya:

Kwanza, ni nani waliotangaza nia ya kugombea, wanaume na wanawake, kwa kiti gani na kwa chama gani.

Pili, mchujo ulifanyika lini na wapi, daftari la wanachama lilikuwa kwa nani, kura zilihesabiwa mbele ya nani, na matokeo yalibandikwa wapi.

Tatu, ni ada gani iliyodaiwa, ilitolewa stakabadhi au haikutolewa, na iwapo mwanamke alipewa nafuu iliyoahidiwa katika karatasi za chama chenyewe.

Nne, ni vitisho au matusi gani yaliyosemwa, mahali gani, tarehe gani, na kama polisi walipewa ripoti.

Tano, ni nani aliyepewa cheti, na aliyenyimwa alikwenda wapi: alikata rufaa, alihama chama, aligombea akiwa huru, au alirudi nyumbani kimya.

Nasisitiza masharti. Andikeni mlichokiona wenyewe, si mlichosikia sokoni. Kila tukio liwe na mashahidi wawili. Aliyeumizwa asiandikwe jina lake bila ridhaa yake, kwa maana daftari likianguka mikononi mwa waovu litamuumiza mara ya pili. Nakala moja ikae kanisani na nyingine mahali pengine. Tena chunguzeni vyama vyote kwa kipimo kimoja, hata kile mnachokipenda. Daftari linaloficha dhambi za rafiki halitaaminiwa linapotaja dhambi za adui.

Kazi hii haihitaji shahada. Katibu wa kikundi cha akina mama anayeweka hesabu za michango bila kupotea senti anaweza kuifanya vizuri kuliko mtaalamu wa kutoka mbali, kwa sababu yeye anajua mchujo ulihamishiwa nyumba ya nani.

Neno kwa makanisa

Wapendwa, siwezi kumaliza bila kugeuza taa ituangaze sisi wenyewe. Viti vya makanisa yetu siku ya ibada vimejaa akina mama. Je, meza ya baraza la parokia ina wangapi? Kamati ya ujenzi? Kamati ya fedha? Nasema hivi kwa heshima, na pia kwa matumaini, kwa kuwa tumeona mabadiliko. Mwaka 2021 Kanisa Anglikana la Kenya lilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, na mwaka huohuo Rose Okeno akawa askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini. Safari hiyo nayo ilikuwa ndefu, lakini haikungoja mwaka 2082.

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa kanisa bila kuomba ruhusa ya serikali. Harambee ya kanisa isiwe mnada ambamo anayetoa bahasha nene ndiye anayepewa kipaza sauti, kwa maana hapo tunawafungia nje wanawake kwa mikono yetu wenyewe. Uandikishaji wa wapigakura utangazwe madhabahuni, na akina mama vijana wasaidiwe nauli na mtu wa kuwashikia watoto siku ya kwenda kuchukua kitambulisho. Tena kanisa likemee hadharani, kwa jina la kosa, kila tusi linaloelekezwa kwenye mwili wa mwanamke anayegombea. Ukimya wa mimbari huchukuliwa na wahuni kuwa ruhusa.

Na kwa wanaharakati wenzangu: tuliimba mageuzi tukidhani kwamba vyama vikiwa vingi, haki itakuja kwa hesabu ya vyama. Vyama vingi vilikuwa sharti la lazima, na waliomwaga damu kwa ajili yake hawakuimwaga bure. Lakini wingi wa vyama bila demokrasia ndani ya vyama ni wingi wa milango iliyofungwa. Kazi iliyoanza 1992 haikukamilika. Imehamia mahali pengine tu: kutoka bustani ya Uhuru hadi ofisi ya chama ya wilayani, usiku wa kuandika vyeti.

Basi twende tukasimame hapo, na daftari mkononi, kama mabinti wale watano. Mwanamke akishindwa kwa kura za haki, na ashindwe. Hiyo ndiyo demokrasia, na wanaume nao hushindwa kila siku. Lakini asishindwe na mtu aliyeficha ufunguo.